Kuanzisha ujifunzaji wa mtandaoni katika chuo kizima cha kati: tuanzie wapi?

Mratibu_Taaluma (Iringa)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaratibu masuala ya taaluma katika chuo cha kati kilichopo Nyanda za Juu Kusini, chenye idara za umeme, ujenzi, ufundi magari, ushonaji, uhasibu na TEHAMA. Tunadahili wanafunzi wa astashahada na stashahada, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 za NTA (mfumo wa kitaifa wa tuzo za elimu ya ufundi), na pia tunaendesha kozi fupi za jioni kwa mafundi ambao tayari wapo mitaani wakifanya kazi na wanahitaji vyeti. Menejimenti imeamua kwamba kuanzia mwaka ujao wa masomo ujifunzaji wa mtandaoni uingie katika chuo kizima, idara zote kwa wakati mmoja, na kwamba asilimia 30 ya kila moduli ifundishwe kwa njia hiyo. Kazi ya kuandika mpango wa utekelezaji nimekabidhiwa mimi.

Uamuzi wenyewe siupingi hata kidogo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020, na hadi vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni, wanafunzi wetu walikaa majumbani bila kupata chochote kutoka kwetu isipokuwa ujumbe wa WhatsApp wa kuwataka wasome madaftari yao, na hali ile iliniuma kama mwalimu. Mbali na dharura ya namna ile, wapo wanafunzi wa jioni wanaokosa vipindi kwa sababu mwajiri hakuwaruhusu kuondoka mapema, wapo mabinti wanaojifungua katikati ya muhula, na yapo madarasa ya uhasibu yaliyofurika kiasi kwamba wanaokaa nyuma husikia nusu tu ya kinachosemwa.

Hata hivyo, nimezungumza na wakuu wa idara na nimeona wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza, hasa wa uhasibu na TEHAMA, wanasema kazi imeshakwisha, kwa kuwa maandalio yao yote yapo kwenye kompyuta na kilichobaki ni kuyapakia. Wa pili, wa karakana, wanasema kazi haiwezekani, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kufundishwa kuchomelea chuma kupitia kioo cha simu. Naamini kila kundi limeona upande mmoja tu wa jambo, lakini sina hoja zilizokomaa za kuwarudishia.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie katika mambo haya: kama ni busara kuanza chuo kizima kwa mpigo au idara moja kwanza, masomo ya vitendo yaingieje, mzigo wa mkufunzi ambaye tayari ana vipindi vingi uhesabiwe vipi, na mwanafunzi mwenye simu ndogo, au mwenye simu janja lakini hana bando, asije akaachwa nyuma kwa sababu ya mpango uliokusudiwa kumsaidia.

Fundi_Umeme (Morogoro)

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi tusalimiane tu kwa heshima.

Nitajibu lile la karakana kwa sababu ndilo ninaloishi nalo. Wenzako wanaosema kuchomelea hakufundishwi kwenye simu wamesema kweli, na hiyo kweli iandikwe wazi katika mpango wako ili waujue kuwa haukuja kuwanyang'anya karakana. Swali la kuwauliza ni tofauti: katika saa tatu za karakana, mwanafunzi anashika kifaa kwa dakika ngapi? Ukikaa pembeni ukaangalia, utakuta saa nzima ya kwanza imekwenda katika maelezo ubaoni, kisha mkufunzi anaonyesha mara moja huku wanafunzi arobaini wamemzunguka na wa nyuma wanaona migongo ya wenzao, halafu ndipo wanagawana mbao chache za kufanyia kazi. Muda wa mikono ni mdogo kuliko wote, ilhali ndio pekee usioweza kupatikana mahali pengine.

Chukua mfano wa taa moja yenye swichi mbili, ile inayowashwa chini ya ngazi na kuzimwa juu. Ni zoezi la mwanzo kabisa, lakini ndipo wengi hukwama, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea swichi ya kawaida anashangaa kuona swichi yenye terminali tatu na nyaya mbili zinazokwenda kutoka swichi hii hadi ile. Wengine hukatisha nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi badala ya layini (waya unaoleta umeme), na taa inawaka na kuzimika vizuri tu, kwa hiyo wanadhani wamepata, kumbe taa ikiwa imezimwa bado kishikio chake kina umeme na atakayepanda ngazi kubadilisha globu anaweza kurushwa. Mimi nilirekodi mikono yangu tu, si uso wala ubao, kwa dakika nne: waya wa kahawia unatoka kwenye fyuzi, unaingia terminali ya pamoja ya swichi ya kwanza, nyaya mbili zinavuka, terminali ya pamoja ya swichi ya pili inakwenda kwenye taa, na waya wa bluu unarudi moja kwa moja bila kupita kwenye swichi yoyote. Baada ya hapo mwanafunzi anachora mchoro huo kwa penseli kwenye daftari, anaupiga picha na kuuwasilisha kwenye mfumo kabla ya siku ya karakana. Nikifungua picha hizo jioni najua tayari ni nani wamekatisha nyutro, na asubuhi nawaweka kwenye meza yangu mwenyewe.

Huo ndio mchango wa mtandao katika ufundi: unaondoa maelezo karakanani na kuacha mikono. Asilimia 30 ya menejimenti yako, kwa somo kama langu, itatoka humo na katika usalama kazini, usomaji wa michoro, kanuni za ufungaji na hesabu za makadirio, mambo ambayo yote hayahitaji mbao wala koleo.

Wala jambo hili si geni nchini. Mwaka 2016 VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kampuni ya simu ya Airtel walianzisha VSOMO, programu ya simu ambayo mwanafunzi wa kozi fupi alisomea nadharia, kisha akaenda kituo cha VETA kwa vitendo kabla ya kupata cheti. Mpangilio ule ulikuwa sahihi: nadharia popote alipo, vitendo mahali penye vifaa na msimamizi. Mafundi wako wa jioni ndio hasa watu wa mpangilio wa namna hiyo, na ningekuwa wewe ningewafikiria wao kabla ya wanafunzi wa kutwa.

Mwalimu_wa_Kisumu

Mwalimu mwenzangu, hujambo. Nimefunza katika vyuo vya kiufundi hapa Kenya kwa muda mrefu, na naunga mkono alichosema mwalimu wa umeme, ila ningependa kukutahadharisha kuhusu jambo ambalo huwa halionekani mapema.

Chuo kimoja nilichofundisha kilinunua mfumo, kikaita wataalamu, kikafanya semina ya siku mbili hotelini, na mwisho wa semina kila mkufunzi akatakiwa kupakia maandalio yake yote kabla ya muhula kufunguliwa. Yalipakiwa kweli, na ripoti iliyokwenda kwa bodi ilikuwa nzuri. Lakini hakuna aliyeketi kupanga mwanafunzi afanye nini akishafungua ukurasa. Wanafunzi waliingia wiki ya kwanza, wakapakua faili zote, hawakurudi tena mpaka karibu na mtihani. Hao wenzako wa uhasibu wanaosema kazi imekwisha wako katika hatari hiyo hasa. Faili la kurasa sitini likiwekwa mtandaoni linabaki kuwa daftari la mkufunzi, na mwanafunzi mwenye simu ya kioo kidogo atalisoma kwa shida kuliko nakala ya karatasi.

Kwa hivyo ningependekeza kipimo kingine kabisa. Badala ya kuuliza ni asilimia ngapi ya moduli iko mtandaoni, uliza kila wiki mwanafunzi anatoa nini, na mkufunzi anamjibu lini. Ikiwa mwanafunzi wa uhasibu kila Jumatano anawasilisha ulinganisho wa daftari la fedha na taarifa ya benki, na kufikia Ijumaa amepata maoni, hapo kuna ujifunzaji. Ikiwa hakuna anachotoa, hakuna ujifunzaji hata kama umepakia maktaba nzima.

Na hapo ndipo linaingia suala la mzigo, ambalo ndilo litakalouinua au kuuangusha mpango wako. Kutoa maoni kwa wanafunzi themanini ni kazi ya saa nyingi, na saa hizo hazionekani kwenye ratiba kwa sababu ratiba inahesabu tu saa ambazo mkufunzi amesimama darasani. Nimeona wakufunzi wazuri wakichoka katikati ya muhula wakaacha, si kwa ukaidi, ila kwa sababu walikuwa wakifanya kazi mbili na kuhesabiwa moja. Ikiwa moduli ina saa nne kwa wiki na moja kati ya hizo imehamia mtandaoni, basi mkufunzi aandikiwe saa nne zilezile, na ile iliyohama iwekwe kwenye ratiba kwa jina lake, siku na saa yake, ili asipangiwe kikao wala usimamizi wa mtihani wakati huo. Kuandaa moduli kwa mara ya kwanza kunahitaji muda zaidi ya hapo, na muda huo lazima upunguzwe kwenye vipindi vya muhula unaotangulia. Menejimenti ikikataa hilo, nakushauri usianze.

Jambo moja zaidi kutoka upande wetu. Tangu mitaala inayozingatia umahiri ianze chini ya TVET CDACC, baraza la Kenya la mitaala, upimaji na vyeti vya ufundi, mwanafunzi wetu hutakiwa kukusanya ushahidi wa yale anayoweza kufanya: picha, fomu za msimamizi, vielelezo vya kazi yenyewe. Hapo awali ushahidi huo ulikaa katika majalada yaliyojaa makabati na kuliwa na panya. Kuuweka mtandaoni ni matumizi ambayo hata mkufunzi asiyependa kompyuta huyaona manufaa yake siku ya kwanza, kwa sababu yanampunguzia kazi badala ya kumwongezea. Anza na kitu cha namna hiyo, kitakachowavutia walio na shaka.

Mkufunzi_Ughaibuni (Birmingham)

Ndugu Mratibu, nafundisha katika chuo cha elimu ya kuendelea huku Uingereza na nimeguswa na ile asilimia 30, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Mwaka 2014 kikundi kazi kilichoundwa na serikali kwa ajili ya teknolojia ya kujifunzia katika vyuo vya aina hii kilipendekeza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2015/16 programu zinazogharamiwa na umma ziwe na sehemu ya mtandaoni isiyopungua asilimia 10, na kwamba kiwango hicho kisukumwe hadi asilimia 50 katika miaka michache iliyofuata. Nia ilikuwa njema na kikundi kilitoa pia mapendekezo mengi mazuri kuhusu mafunzo ya wakufunzi, lakini katika vyumba vya walimu kilichojadiliwa ni ile namba tu: je, kutazama video darasani kunahesabika? Je, barua pepe inahesabika? Muda ambao ungetumika kuboresha masomo ulitumika kutafuta namna ya kuyahesabu.

Ikiwa menejimenti yako bado inasikiliza, waombe waifute namba hiyo, au angalau kila idara ipange yake. Ushonaji na uhasibu haviwezi kuwa na kiwango kimoja.

Mratibu_Taaluma (Iringa)

Nawashukuru sana, hasa kwa kunionyesha kwamba swali la karakana linaweza kuulizwa kwa muda wa mikono. Nimeshalipeleka kwa mkuu wa idara ya ufundi magari na kwa mara ya kwanza tumezungumza bila kubishana.

Mchango wa Mwalimu wa Kisumu kuhusu ushahidi umenikumbusha jambo. Wanafunzi wetu huenda mafunzo ya vitendo kazini kwa wiki kadhaa, wengine Makambako, wengine Mbeya, wengine Dar es Salaam, na mkufunzi huwatembelea mara moja tu kwa sababu ya nauli na posho. Wanarudi na vitabu vya kumbukumbu ambavyo, tukisema ukweli, vingine vimejazwa vyote usiku mmoja kwa kalamu moja. Katika wiki hizo wanafunzi tayari wapo mbali nasi, kwa hiyo mtandao hauchukui nafasi ya darasa lolote. Nawauliza: je, isingekuwa sahihi idara zote zianzie hapo? Kila Ijumaa mwanafunzi apakie picha ya kazi aliyoifanya na maelezo mafupi, na mkufunzi amwulize swali moja la kitaalamu kuhusu picha hiyo.

Bado sijapata jibu la mfumo na bando. Mkufunzi wetu wa TEHAMA ameweka Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, kwenye kompyuta moja ya ofisini na anasema inatosha.

TEHAMA_Dodoma

Ndugu Mratibu, wazo lako la kuanzia kwenye mafunzo ya kazini ni zuri, na linatatua ule ubishi wa idara moja au chuo kizima, kwa sababu idara zote zinaingia lakini kwa shughuli moja tu. Mimi huwa sikubaliani na wanaoshauri idara moja ianze peke yake kwa mwaka mzima. Idara ya TEHAMA ikianza peke yake itachagua mfumo wake na taratibu zake, uhasibu watakuja na vikundi vyao vya WhatsApp, na baada ya miaka miwili mwanafunzi mmoja atakuwa na nywila nne. Mfumo uwe mmoja kwa wote tangu mwanzo, na matumizi ndiyo yaanze kidogo kidogo.

Moodle ni chaguo sahihi. Ni programu huria, haina ada ya leseni, imetumika duniani tangu mwaka 2002, na vyuo vikuu kadhaa nchini vinaitumia, kwa hiyo utapata watu wa kuuliza. Lakini kompyuta moja ya ofisini haitoshi. Umeme ukikatika Ijumaa usiku, wanafunzi waliopo Mbeya watapoteza kazi zao hadi Jumatatu, na diski ikiharibika utapoteza ushahidi wa upimaji wa chuo kizima. Kodisha nafasi kwenye seva ya nje yenye umeme wa uhakika, nakala rudufu ichukuliwe kila usiku na ihifadhiwe mahali pengine, na angalau mara moja kila muhula mtu ajaribu kuirudisha nakala hiyo ili kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Gharama ya seva ni ndogo. Gharama halisi ni mtu: chuo kizima kinahitaji angalau mtumishi mmoja ambaye kazi yake ya kwanza ni mfumo huu, siyo mkufunzi anayeufanya baada ya vipindi. Wiki mbili za mwanzo za muhula atakuwa akirekebisha nywila tangu asubuhi hadi jioni, na mwanafunzi aliyeshindwa kuingia siku ya kwanza akakosa wa kumsaidia mara nyingi hajaribu tena.

Kuhusu bando, sehemu kubwa ya tatizo tunaisababisha sisi wenyewe. Video ya dakika nne iliyorekodiwa kwa simu ya kisasa katika ubora wake wa kawaida inaweza kufika MB 500. Mkufunzi akiipakia kama ilivyo, amemtwisha kila mwanafunzi gharama hiyo. Ukiipitisha kwenye programu ya kupunguza ukubwa kama HandBrake, ambayo ni ya bure, na kuishusha hadi ubora wa 360p, itabaki na MB 20 hivi, na kwenye kioo cha simu mikono ya fundi itaonekana vizuri kabisa. Wekeni kanuni kwamba hakuna faili linalozidi MB 25 linaloingia kwenye mfumo, na mfumo wenyewe uwekwe ukatae. Programu ya Moodle ya simu inaruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo na kulisoma baadaye bila intaneti. Wafundisheni hilo siku ya utambulisho, kabla ya jambo lingine lolote. Kwa mwenye simu ndogo, maabara ya kompyuta ifunguliwe jioni na Jumamosi, na saa hizo zitangazwe. Kama mna kituo cha kozi fupi mahali ambapo mtandao haufiki vizuri, angalieni Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya mazingira hayo: masomo yanakaa kwenye kompyuta ndogo pale pale kituoni na simu zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani, bila kugusa bando.

Neno la mwisho ni kuhusu picha hizo za kazini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakihusu chuo chako pia, na chuo kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo. Mwanafunzi wa uhasibu asipige picha ya nyaraka za mwajiri, na wa ufundi magari asipige picha ya namba ya gari la mteja. Andikeni hilo kwenye barua ya utambulisho inayokwenda kwa mwajiri, naye aseme mapema nini kinaruhusiwa kupigwa picha.

Mstaafu_wa_Elimu (Tabora)

Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Nilitumikia elimu ya watu wazima, na kuna jambo moja ambalo sijaliona humu, nalo ni kikundi.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, kwa wiki 12. Teknolojia ilikuwa redio moja kijijini, na ilikuwa mpya kwa wengi kama mtandao ulivyo leo kwa baadhi ya wanafunzi wa chuo hicho. Walishiriki watu takriban milioni 2. Lakini redio haikuachwa ifundishe peke yake. Wananchi walikaa katika vikundi, walisikiliza kipindi pamoja, mmoja alisoma kitabu kidogo kilichoandaliwa, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya kabla ya kipindi kifuatacho: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Viongozi wa vikundi waliofundishwa kwa ajili ya kazi hiyo walikuwa takriban 75,000, na mafunzo yao yalifanyika kabla kipindi cha kwanza hakijasikika hewani. Huko ndiko nguvu ilikokuwa. Hata Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kiwafikie watu walipo, hakikuwaacha wanafunzi wake na vitabu peke yao, bali kilifungua vituo mikoani ambako walionana na wakufunzi na wao kwa wao.

Kwa hiyo, mwanangu Mratibu, unapowapeleka wanafunzi mtandaoni, usiwapeleke mmoja mmoja. Wagawe katika vikundi vya wanne au watano wanaokaa jirani au wanaofanya mafunzo katika mji mmoja, na katika kila kikundi awepo mmoja uliyemfundisha mapema jinsi ya kuingia kwenye mfumo, kupakia na kupakua. Yule mwenye simu ndogo atatazama kwenye simu ya mwenzake na jina lake litaonekana kwenye kazi ya kikundi. Aliyekata tamaa atatafutwa na wenzake kabla mkufunzi hajagundua kwamba hayupo. Na mkufunzi, badala ya kujibu kazi themanini kila wiki, atajibu ishirini, jambo ambalo litampunguzia mzigo ule aliousema mwalimu wa Kisumu.

Ila upimaji wa mtu binafsi ubaki wa mtu binafsi. Kikundi kijifunze pamoja, lakini siku ya kupimwa kila mmoja asimame kwa mikono yake, mbele ya macho ya mkufunzi.

Fundi_Umeme (Morogoro)

Mzee wetu, shikamoo, na ahsante kwa neno la kikundi. Naongeza kidogo juu ya upimaji kwa sababu umeufungua. Maswali ya kuchagua jibu yanayosahihishwa na mfumo wenyewe ni mazuri kwa mwanafunzi kujipima, na ningeruhusu ayarudie mpaka apate yote. Mtihani wa mwisho wa muhula uendelee kufanyika ukumbini chini ya usimamizi. Kwa kazi za vitendo zinazotoka mafunzoni, picha peke yake isitolewe alama, kwa kuwa picha inaweza kuwa ya kazi ya fundi mwenyeji. Mwanafunzi apigiwe simu ya video kwa dakika tano akiwa pale pale kwenye kazi, aulizwe kwa nini ametumia waya wa ukubwa ule na si mwingine. Aliyeifanya kazi atajibu huku anaonyesha kwa kidole.

Mratibu_Taaluma (Iringa)

Mzee wetu, shikamoo, na nyote nawashukuru kwa moyo wa dhati. Nimeomba nafasi kwenye kikao kijacho cha menejimenti na nitapendekeza yafuatayo: mfumo mmoja kwa chuo kizima, kwenye seva ya kukodi, idara zote zianze na wiki za mafunzo ya vitendo kazini, wanafunzi wakiwa katika vikundi kwa mujibu wa miji yao, kozi za jioni zifuate muhula wa pili, na ile asilimia 30 iondolewe, mahali pake iwekwe kazi moja ya mwanafunzi na jibu moja la mkufunzi kila wiki. Saa za mtandaoni zitaandikwa kwenye ratiba. Hilo la ratiba najua ndilo litakalopingwa, kwa sababu lina maana ya kuajiri wakufunzi wa muda ili kuziba vipindi wakati wenzao wanaandaa moduli, lakini nitalisimamia, na nitakwenda na hesabu ya vipindi vya kila idara mkononi.

Kama kuna chuo ambacho tayari kina waraka wa ndani unaoeleza jinsi saa hizo zinavyohesabiwa, naomba mwenye nao aniwekee hapa aya inayohusika, maana kikao kitaniuliza ni nani mwingine aliyefanya hivyo.